Mtungi wa Pili

Ndabibi, 3 Februari 2025

Kwa mwanangu Ooko,

Nakusalimia sana. Babu yako anakusalimia, mguu bado umevimba lakini anakula. Mwalimu Jepkorir wa hapa jirani anakusalimia. Hata ng'ombe amezaa, hujauliza. Binti yako Fancy anakusalimia kuliko sisi wote, ameniuliza kama Free Area ya Nakuru ni mbali kuliko mbinguni. Wewe u mzima? Nauliza kwa karatasi kwa sababu simu umeniblock, mama yako mzazi. Barua inabebwa na Jamleck wa lori ya maziwa.

Sasa sikia. Ile mitungi miwili uliyoficha nyuma ya magunia ya mahindi, ukaniambia ni gesi ya kupikia ya mteja, mwalimu amesoma maandishi yake. Amesema ni gesi ya friji za zamani na ilipigwa marufuku kitambo. Eti ikitoka inapanda juu kabisa, inakula ile blanketi inayotuzuilia makali ya jua. Jina lake ozoni. Nilimwambia arudie mara mbili.

Ooko, unaleta kitu kama hicho kwa nyumba yenye Fancy? Mtoto ana ualbino, jua linamla hata akianua nguo. Uliponiachia ulisema ni wiki mbili. Sasa ni miaka minne, na zawadi unayomletea ni hiyo?

Uiondoe kabla ya Ijumaa.

Mama yako

*

Free Area, 9 Februari

Mama,

Salamu nimepata. Mimi ni mzima.

Mwambie mwalimu afundishe watoto, aachane na kazi yangu. Hiyo gesi niliitoa kwa cold room ya kupoza maua, shamba moja lililofungwa huko Naivasha. Fundi mwingine angekata paipu iende na upepo. Mimi nilikaa siku nzima nikiivuta, nikaifunga kwa mtungi. Kuna mzee wa friji za zamani anaitaka.

Jua la Ndabibi lilikuwa kali kabla sijazaliwa. Mtungi mmoja hautoboi mbingu. Fancy mvalishe kofia.

Usiguse kitu. Nitakuja nikipata nafasi.

Mwanao

*

Ndabibi, 2 Machi

Ooko,

Babu hajambo. Mwalimu hajambo. Fancy ana jambo.

Siku ya michezo shuleni walimvua kofia ati wote wafanane. Alirudi masikio yana malengelenge, shingo kama imepitishwa kwa moto. Usiku wote nampepea na gazeti. Nikakaa nikitazama yale magunia na kile kilicho nyuma yake.

Kila fundi atasema wake ni mmoja tu. Wako wangapi Kenya hii?

Nimefungua, heri udongo uinywe hapa chini kuliko ipande juu kwa friji za huyo mzee wako. Niliuburuta mmoja hadi katikati ya shamba, nikazungusha koki. Ulilia kama nyoka, hauna harufu hata kidogo. Barafu ikashika mdomo wa mtungi, vidole vyangu vikaungua kwa baridi. Fancy alitoka nje akaikwangua ile barafu, akacheka. Ndiyo siku ya kwanza alicheka tangu michezo.

Basi dhambi yako nimeipunguza nusu. Jumamosi nikitoka kanisani namaliza na wa pili. Ukikasirika, njoo ukasirikie hapa.

Mama yako

*

Free Area, 4 Machi

USIFUNGUE.

Wewe mama umefanya nini? Ikiwa ndani ya mtungi haidhuru mtu. Ikitoka ndiyo inapanda. Mimi niliifunga, wewe umeiachilia, halafu unaniandikia mambo ya dhambi! Sasa kati yetu ni nani adui wa Fancy? Muulize mwalimu wako.

Na usiniandikie tena.

Nicodemus

*

Ndabibi, 16 Machi

Kwa mwanangu, hata kama umesaini jina kama mtu wa benki,

Wote wanakusalimia, sitawataja, utasema napoteza karatasi.

Nilimuuliza mwalimu. Alivua miwani, akasema, "Mama Ooko, kwani haukuniuliza kwanza?" Kwa hivyo umesema kweli. Siku nne sikuweza kumsuka Fancy nikimwangalia usoni. Nilimsuka kwa nyuma. Hapo nisamehe.

Lakini uliniambia ni ya kupikia. Mimi darasa la tatu sikumaliza, na sikuzaliwa nikijua koki gani hufunguliwa na gani huachwa. Ungeniambia ukweli siku ya kwanza, ningelala mbele ya hiyo mitungi kama mbwa. Hiyo nusu ni yako, ibebe.

Wa pili uko chini ya kitanda changu. Koki nimeifunga na kitambaa changu cha kanisa, mafundo matatu. Mwalimu ameuliza, kuna watu hapo Nakuru wanaopokea gesi ya zamani kutoka kwa mafundi, ikaharibiwe vizuri. Huyo mzee wako wa friji hapati, mwalimu anasema friji za zamani kama zake huivujisha yote.

Alhamisi tarehe ishirini na saba Jamleck atanibeba na mtungi. Ukija kabla ya hapo, utaupeleka wewe, useme ni wewe fundi uliyekaa siku nzima ukiivuta. Hilo ni jambo zuri, na wewe ulinificha hata hilo. Usipokuja nitaenda mimi. Wakiuliza ni wa nani, nitasema ni wangu. Jina lako sitalitoa, usiogope.

Ukija, Fancy ana kofia mpya, pana. Analala nayo. Anasema baba akifika usiku ataijua kwanza kofia.

Jamleck atasubiri hapo kwa geti yako na injini haijazimwa. Mpe neno moja, unakuja au hauji. Mpe leo hii, Ooko, asirudi mikono mitupu.

Mama yako