Shasi Iliyomfunga Zéphirin

Pélagie, uko? Acha kila kitu, soma.

Sasa hivi koko Scholastique, mama ya baba, amenieleza sababu kaka yake Zéphirin alifungwa. Nyumbani walituambia siku zote aliiba.

Hakuiba!!

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Zéphirin alikuwa fundi wa garaji hapa Kindu. Muzungu mmoja aligonga wagoni ya treni kwa gari yake ya mbio, ile ya watu wawili. Shasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, ikapinda.

Zéphirin akaipasha moto, akaivuta kwa minyororo mpaka ikanyooka. Lakini akaona ufa chini ya injini. Akasema: "Bwana, hii chuma imekufa. Haifai tena."

Muzungu akacheka: "Unga huo ufa, paka rangi, nyamaza."

Akaunga. Angefanya nini?

Kesho yake muzungu akamutuma dereva wake aijaribu kwenye njia ya Kailo. Na dereva alikuwa nani? Donatien, bwana ya koko! Babu yangu!! Zéphirin akashika mulango wa gari: "Shemeji, usiende." Donatien akajibu: "Nikikataa, watoto watakula nini?"

Shasi ilikatika njiani. Donatien alikufa pale pale.

Tribinali, korti ya Wabelgiji, ikasema fundi njo alimuua. Zéphirin hakubisha hata neno moja. Hata moja, Pélagie!

Koko alimupelekea chakula gerezani. Akakataa kula. Akamuambia: "Dada, nilijua itakatika, na niliunga."

Koko akabeba sahani, akarudi nyumbani. Hawakuonana tena.