Udongo Ambao Mbuzi Hajaukanyaga

Kwako mshauri wetu wa gazetini ninayekuheshimu,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana, nikiwa Lodwar, mtaa wa Nawoitorong, mzee wa kanisa kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, na naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa mtu asiye na hatia ataandikwa kuwa mzembe kwa kosa nililolitenda mimi, kwa mikono hii hii ninayobarikia watoto.

Niruhusu nianzie mbali kidogo ili unielewe. Binti yangu Namuria anasomea historia ya bahari katika chuo kikuu kimoja cha pwani, na kazi yake ni tope. Meli hushusha mrija mrefu hadi sakafu ya bahari, ukapandishwa umejaa tope lililolala tabaka juu ya tabaka, la juu likiwa la karibuni na la chini likiwa la maelfu ya miaka, na ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo mno ambao zamani walielea karibu na uso wa maji, wakafa, wakashuka kimya kama vumbi lishukavyo juu ya meza. Wengine hupenda maji ya joto na wengine maji ya baridi, basi Namuria huyahesabu magamba yao kwa hadubini, aina kwa aina, tabaka kwa tabaka, akajua bahari ilikuwa na joto kiasi gani zama zile, na kutokana na hilo hukisia mvua zilikuwaje huku kwetu. Wazee wenzangu waliniuliza kama elimu hiyo haimkufuru Muumba, nikawajibu kwamba aliyeumba gamba dogo kama punje ya chumvi hawezi kuchukizwa na mtu anayelitazama kwa makini. Nilijivuna niliposema hivyo, nakiri.

Tope lenyewe hukaa nyumbani kwangu, anapofanyia kazi hiyo kwa hadubini yake, katika sanduku la baridi, ndani ya vifuko vyenye namba, kila tabaka na kifuko chake. Namuria hulipeleka Kakuma kwa Nyawech, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa mwalimu kambini, naye huliosha kwa maji safi juu ya chekecheke laini mpaka yabaki magamba matupu, kisha humrudishia ayahesabu.

Majuma sita yaliyopita, Namuria akiwa pwani, mama yake alishikwa na homa kali, tukampeleka hospitali, akapewa dawa za malaria, tukarudi naye nyumbani, na siku ya pili akafika mama mkwe wangu kutoka Namoruputh, bibi aliyepita miaka themanini, akamtazama bintiye na kusema anataka emunyen, ule udongo wa kumpaka mgonjwa kama walivyofanya wa kale.

Nikamwambia, "Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Kanisa lina mafuta yake, na mimi nina udongo wangu. Huyu nimemzaa mimi, hakuzaliwa na kanisa."

"Basi nitakuchotea pale mtoni."

"Mtoni? Mbuzi wa Lodwar nzima wanapokunywa na kukojoa? Nataka udongo ambao mbuzi hajaukanyaga."

Nilitabasamu, mshauri, nikidhani nimeshinda, nikamweleza kwa upole kwamba udongo wa namna hiyo haupatikani katika Turkana yote. Akainua fimbo yake, akaielekeza kwenye sanduku. "Na ule wa mjukuu wangu, uliotoka chini ya bahari? Huko mbuzi walifika?"

Mama mkwe hapingwi mara mbili, na mke wangu alikuwa akitetemeka hata kitanda kikasikika, na hofu yangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko mafundisho yangu yote, basi nikafungua kifuko cha arobaini na moja, kwa sababu tope lake lilikuwa jeupe kuliko mengine, nikatoa vijiko viwili, akampaka bintiye kifuani na kwenye paji la uso, nami nikasimama kando na kusema amina.

Mke wangu alipona. Mimi nasema ni dawa, mama mkwe anasema ni udongo, na hatujabishana. Lakini kifuko kilikuwa kimepungua mno, na Jumapili iliyofuata nilikwenda Kalokol kuongoza ibada, nikaona kando ya njia ukingo wa udongo mweupe ulioachwa na ziwa zamani lilipokuwa kubwa, nikafunga kiasi katika kitambaa, nikarudi, nikaulowesha, nikauchanganya ndani ya kifuko, nikakirudisha mahali pake. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, mimi ambaye mwaka jana nilimsimamisha mama mmoja wa kwaya kwa miezi mitatu kwa sababu mwanawe alionekana amepakwa emunyen?

Namuria alirudi, akapeleka vifuko Kakuma, Nyawech akaviosha, na kifuko cha arobaini na moja kilipofunguliwa chini ya hadubini binti yangu alinikumbatia. Aliona humo konokono wadogo sana wa maji yasiyo ya chumvi, akasema huenda zama hizo mito ilifurika kiasi cha kuwabeba hadi baharini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika tope lile. Kwa siku mbili aliimba ndani ya nyumba. Kisha Nyawech akapata kibali cha kusafiri, akaja na vifuko vilivyobaki, akainamia hadubini kuwatazama konokono wale.

"Namuria, hawa hawakubebwa na mafuriko. Hawa ni majirani zenu."

"Dada, usinitanie."

"Sikutanii. Ni wale wale wa tope la ziwa, lile tulilojifunzia kuosha. Katika tabaka la juu yake yuko konokono, katika la chini yake yuko konokono? Hapana. Wako kifuko kimoja tu. Mtu amewaweka."

Mshauri, nilikuwa nimeketi mlangoni nikiwa na kikombe cha chai, nikakitazama kikombe.

Namuria akamwandikia profesa wake, naye akajibu kwamba jambo ni wazi: tope la ziwa lilibaki katika chekecheke baada ya mafunzo, mwoshaji hakulisafisha, na kwa kuwa hatujui ni vifuko vingapi vimeharibika, kazi yote ya mwoshaji haiaminiki. Taarifa itatumwa Ijumaa. Nyawech ataachishwa, na barua ya sifa aliyoahidiwa, ambayo kwayo angeombea nafasi ya chuo, haitaandikwa. Alilia mezani kwangu huku akisema, "Nililisafisha mara tatu, baba, Mungu ananiona," nami nikamjibu, "Mungu anaona, mwanangu," na neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Nakuuliza basi: je, nikikitupa kifuko kile kwa siri shauri halitakwisha? Au ningoje taarifa ipite, halafu nimwombee Nyawech kazi nyingine kanisani? Nikisema ukweli, kanisa litaanguka machoni pa watu, na binti yangu hatanitazama tena kama baba. Majina nimeyaandika yalivyo, uyabadilishe ukipenda.

Mimi, mzee mwenye hofu, Lodwar.

*

Mzee wangu,

Barua yako ilinifikia hapa Kakuma Jumatatu asubuhi. Nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, na jibu hili nimempa dereva wa gari la parokia akukabidhi mkononi leo Jumanne, kwa sababu gazeti letu hutoka Jumapili na Ijumaa haingoji.

Nakuhurumia kwa jambo moja. Mkeo aliugua, ukaogopa, ukamtii mama aliyemzaa. Hakuna mwenye mke atakayekurushia jiwe kwa hilo, na wala mimi sitakuhukumu kwa vijiko viwili vya tope. Lakini yale ya Kalokol hayakutokana na homa. Homa ilikuwa imekwisha. Uliinama ukiwa mzima, ukafunga kitambaa, ukasafiri nacho mpaka nyumbani, ukachanganya; na njia nzima ulikuwa na nafasi ya kukitupa dirishani.

Kisha mwanamke akalia mezani kwako, nawe ukalitumia jina la Mungu kama pazia. Hilo, mzee, ndilo linalokuzuia kumeza, na halitashuka kwa kumtafutia Nyawech kazi ya kufagia kanisa.

Unasema kanisa litaanguka. Kanisa halijasimama juu yako. Nalo kosa la yule mama wa kwaya, ambaye mtoto wake aliumwa kama mkeo alivyoumwa, umelitenda wewe na hujajisimamisha hata Jumapili moja.

Kukitupa kifuko usithubutu. Sasa hivi kifuko hicho ndicho shahidi pekee wa Nyawech. Fanya hivi. Leo, kabla hujala chakula cha jioni, mketishe Namuria umwambie namba ya kifuko, siku uliyokifungua, kiasi ulichotoa na mahali ulipochota udongo, na umhakikishie kwamba vifuko vingine hukuvigusa, maana hilo ndilo litakalookoa kazi yake. Atakasirika. Mwache akasirike mbele yako, usimhubirie. Kesho nenda naye Kalokol, mchote udongo ule ule, autazame. Konokono watakaoonekana humo watasema kwa niaba ya Nyawech kuliko machozi yake yote. Barua ya profesa iandikwe kesho hiyo hiyo, na uitie sahihi wewe. Nimemuuliza mwalimu mmoja wa sayansi hapa, bila kutaja mtu, akaniambia mrija wa tope hupasuliwa pande mbili na upande mmoja hutunzwa bila kuguswa, kwa hiyo binti yako anaweza kuomba kipande kingine cha tabaka lile. Bahari bado inayo kumbukumbu yake. Anayeweza kupotea ni Nyawech.

Alhamisi njoo Kakuma wewe mwenyewe. Usitume salamu, usitume shemasi. Umwambie yeye kwanza, kisha wazee wa kanisa lako, kisha yule mama wa kwaya.

Sasa nikuulize jambo. Unaniambia nibadilishe majina. Majina nitayabadilisha, lakini tope siwezi kulibadilisha. Turkana nzima, ni nyumba ngapi zenye tope la bahari ndani ya sanduku? Ulijua kwamba barua hii ikichapishwa Namuria ataitambua kabla hajafika mstari wa tano. Ulitaka niungame kwa niaba yako, nawe uketi mlangoni na kikombe chako cha chai.

Sitakufanyia kazi hiyo. Barua yako naifungia katika droo yangu, na haitaonwa na msomaji yeyote mpaka Nyawech aje ofisini kwetu, mwenyewe, aniambie kwamba amekusikia kutoka kinywani mwako na kwamba ameridhia ichapishwe.

Anaijua ofisi yetu. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwake.

Mshauri wako, Kakuma.