Ndege Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote: nilipiga mara ya pili.

Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili hapana.

Nianze vizuri. Jumamosi nina kazi maktaba. Mkutubi ana saa yake ya kusomea watoto wadogo, na safari hii ni historia ya ndege za kivita. Yeye atasoma, mimi nitatoa sauti. Ndiyo, mimi! Mimi ninayeitwa Bubu shuleni, ninayemjibu mwalimu huku naongea na kola ya shati. Kuongea siwezi. Lakini nipe kikombe cha bati mdomoni, nakutolea injini yoyote. Mkutubi alinifuma nyuma ya rafu nikinguruma peke yangu, nikadhani atanifukuza. Akanipa kitabu nikitafsiri kabisa, maana kiko kwa Kiingereza.

Basi leo nilikuwa chumbani na mazoezi yangu. Ndege ya kwanza kabisa, ya mbao na kitambaa — tuku tuku tuku, kama cherehani ya Mama. Sawa. Jeti — sawa. Halafu ile ya kupiga mbizi. Hiyo hushuka kichwa chini, ina king'ora kwenye miguu, na kadiri inavyokaribia ardhi ndivyo inavyolia. Nikaivuta kutoka tumboni mpaka koo likauma. Nzuri mno!

Upande wa pili wa ukuta kikombe kikapasuka. Chumba cha Babu. Kiti kikaburuzwa.

Nikajua ni mimi. Sijui nilijuaje. Na nikataka kuhakikisha — hilo ndilo ninaloliandika hapa — nikataka kuona kama kweli sauti yangu ina nguvu hiyo. Nikasogea hadi ukutani, nikapiga tena. Kwa nguvu zaidi.

Nilipochungulia, Babu alikuwa sakafuni, amejibana kati ya kitanda na ukuta, mikono kisogoni. Babu huyu huyu, fundi saa mstaafu, anayemtania hata daktari. Nikarudisha mlango polepole. Sikumwinua. Mama ndiye aliyemkuta alipotoka kazini, bado yuko pale pale.

Jumanne, 4 Juni

Mama kampigia simu Mjomba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Eti mzee ameanza kupotea, anajificha chini ya kitanda, na mchana kutwa anabaki na mtoto tu. Mtoto ndiye mimi.

Mjomba kasema amchukue akae kwake. Kule kuna mtu nyumbani muda wote, na geti linafungwa. Geti! Babu kila asubuhi huenda kucheza drafti na fundi viatu wa mtaa wa pili na kumwibia kete. Kule atamwibia nani?

Wanamchukua Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo.

Ningesema neno moja tu, yote yangeishia hapo. Nimeosha vyombo.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi maktaba, na watoto wenyewe. Wamekaa kwenye mkeka, mmoja kaja na mdogo wake mgongoni.

Mkutubi alisoma maneno yangu. Kwamba mwanzoni ndege ya vita haikupigana, ilikuwa jicho tu: rubani anapanda kuangalia adui yuko wapi, anashuka kusimulia. Marubani wa pande mbili wakikutana huko juu, wengine walipungiana mkono. Halafu mmoja akapanda na bastola. Mwingine akadondosha bomu kwa mkono, kama mtu anayetupa ganda la ndizi dirishani. Halafu wakafunga bunduki mbele, na mafundi wakabuni mtambo wa kuzipisha risasi katikati ya panga linalozunguka puani mwa ndege, zisilikate. Watoto hapo walisahau kupumua. Kila ukurasa mimi na kikombe changu. Walinishangilia! Hakuna aliyeniita Bubu.

Tukafika kwenye ya kupiga mbizi. Kuna katoto tunakaita Kwa Nini, sababu iko wazi. Kakauliza: sasa kwa nini ndege iwekewe king'ora? Si watu watajua inakuja?

Mkutubi akanitazama mimi, mwenye tafsiri. Kitabu kinasema jambo hilo kwa Kiingereza kwa maneno safi, yamepigwa pasi. Mimi nikaandika “kupunguza ari ya walio chini,” nikajiona msomi.

“Ari ni nini?”

Nikalazimika kuongea bila kikombe. Nikasema: ili waogope.

“Walio chini ni askari?”

Askari, nikasema. Na watu wa kawaida.

“Na watoto?”

Mkutubi akafungua haraka ukurasa wa helikopta. Lakini mwisho wakapiga kelele wanataka king'ora tena, king'ora tena. Nami nikawapigia. Nikiwa najua yote hayo, nikawapigia.

Alhamisi, 6 Juni

Hii ni mbaya kuliko ya Jumatatu.

Babu aliniita chumbani kwake. Funga mlango, mjukuu wangu, kaa hapa. Alikuwa na saa ya mtu mezani, imefunguliwa tumbo, ila hakuigusa. Mikono ilikuwa mapajani.

Akaniambia kitu ambacho nadhani Mama hajawahi kukisikia. Alipokuwa mdogo, umri wa akina Kwa Nini, alitumwa kununua chumvi. Kuku wakanyamaza kwanza. Halafu ikaja sauti kutoka juu, inapanda, inapanda. Yeye akajitupa mtaroni. Dada yake aliyekuwa amemshika mkono hakuwahi. Alisimulia kwa kifupi hivyo hivyo, kama anamweleza mteja saa yake ina nini. Chumvi hakuifikisha, akasema.

Kisha akanigeukia.

“Jumatatu, nilipoanguka. Wewe ulikuwa hapo chumbani kwako. Uliisikia?”

Nikauliza nisikie nini. Nilikuwa najua.

“Ndege.”

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango umefungwa, hakuna Mama, hakuna Mjomba. Ningemwambia: Babu, ilikuwepo, hukuota, ni mimi. Nikaona sura yake akishajua kwamba nilirudia.

“Sikusikia kitu, Babu.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa majibu ya vipimo.

“Basi ni mimi,” akasema.

Halafu akatania — bado alitania — kwamba masikio yake yamestaafu lakini yanafanya kazi za ziada. Nikacheka. Nilicheka, jamani.

Ijumaa, 7 Juni

Babu kakubali kwenda. Mwenyewe! Mama alikuwa amejiandaa kwa mabishano, hata maneno hakuyatumia. Mzee kamwambia tu: mwanangu, mimi sasa sijiamini.

Drafti kampa fundi viatu, na kete alizomwibia. Mimi kaniachia kile kioo cha jichoni cha kutazamia vyuma vidogo. Nimekitia sandukuni. Siwezi kukitazama.

Nilimfuata Mama akipiga pasi mashati ya Babu. Nikaanza, Mama, ile Jumatatu... Akasema, usinilize zaidi mwanangu, niache nimalize kola hii. Nikaondoka.

Na nilipoondoka nilijisikia nafuu. Ndiyo. Nafuu! Hata hilo naliandika.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi. Mkutubi katuma ujumbe: watoto wameanza kufika, Kwa Nini kaja na baba yake kusikia king'ora. Sijajibu. Kikombe cha bati kiko hapa mezani, kinanitazama.

Mjomba kafika. Sauti yake imejaa ua mzima, anamtania Mama kwamba mizigo ya mzee ni saa tupu, gari litakuwa linagonga tik tik njia nzima. Godoro la Babu limefungwa juu ya gari. Nilichungulia chumba chake: kimebaki kitanda cha mbao na ile nafasi kati ya kitanda na ukuta. Nyembamba sana. Sijui aliingiaje pale.

Nimejaribu kusema mbele ya kioo. Babu, ilikuwa sauti yangu. Inatoka kama ya mtu mwingine. Jeti naiweza, helikopta naiweza, sentensi moja —

Honi. Mjomba anaita wote.

Kandambili kwenye korido. Ni zake, mguu wa kushoto unaburuza. Zimesimama mlangoni kwangu. Babu hana kawaida ya kubisha hodi kwangu, leo anabisha.

Hafungui. Anauliza kutoka nje, polepole, Mama asisikie: eti nimesikia honi ya gari sasa hivi, au ni yeye tu.

Nalificha daftari hili chini ya shuka. Anangoja. Niseme: nimesikia, Babu, na ndege ya Jumatatu ni mi—