Gasketi Niliyoikata Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Imewaka! Bila kusukumwa, bila kubembelezwa. Miezi saba nimeibomoa na kuijenga upya injini ya gari la Mkunga, gari dogo la mwaka sitini na mbili — na leo saa nne asubuhi imenguruma kama haijawahi kulala. Mshale wa presha ya oili: hamsini. Niligeuka kuona kama wenzangu wameona. Wameona.

Hata kaka alitoka ofisini. Gereji ni yake, ufundi kanifundisha yeye, na matusi yangu ya kwanza niliyapata kwake. Kasema mchora mabango anakuja Jumamosi. Injini hii ikiwa salama mpaka siku hiyo, jina langu litaandikwa langoni chini ya lake: fundi wa injini. Miaka kumi na moja nausubiri mstari huo.

Gasketi zote, zile karatasi za kuzibia maungio ya vyuma, nimezikata kwa mkono. Hakuna hata moja ya dukani. Si bure wananiita Mkasi.

Jumanne, 4 Machi

Mkunga mwenyewe alikuja tuijaribu barabarani. Mstaafu, mgongo wima, anakaa kwenye gari lake kama yuko zamu. Dakika ishirini mambo safi. Injini ikapata joto. Tukasimama kwenye taa za barabarani — mshale ukaanza kuteremka. Thelathini. Ishirini. Kumi na mbili. Taa nyekundu ya oili ikawaka.

Nikazima pale pale, magari nyuma yanapiga honi. Mkunga wala hakushtuka. Kaniambia joto likipanda na nguvu zikishuka, mgonjwa wa hivyo yeye hamwachi peke yake. Akakaa ndani mpaka tukavutwa kurudi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatano, 5 Machi

Labda geji inadanganya. Nimefunga nyingine ya kuazima — ikasema yale yale. Filta mpya, yale yale. Vali inayorudisha oili ikizidi presha nimeitoa: safi, springi yake nzima. Ikiwa baridi, hamsini. Ikipata moto, kumi na mbili. Oili ya moto huwa nyepesi, kwa hiyo kuna mahali inapenya. Wapi?

Fundi breki kapita na chai yake, kasema zitakuwa beringi, zimelegea. Nikamwambia arudi kwenye breki zake. Beringi nimezipima mara tatu na vipimo viko kwenye daftari. Zikiwa ndizo, injini yote inashuka tena chini, na bango nalo ndiyo basi.

Kaka kasikiliza, halafu kasema ni pampu ya oili. Ndicho kitu kikubwa pekee ambacho sikukitengeneza mimi — ilinunuliwa mpya. Hapo hapo kampigia muuza spea. Kamwambia amemuuzia takataka, na kwamba wamefanya kazi pamoja muda mrefu mno kufanyiana hivi. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliitikia kwa kichwa. Nafuu niliyoipata, Mungu anaijua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwaga oili, nimeshusha sampo, lile karai la oili chini ya injini, nimetoa pampu ili irudishwe dukani. Nikafungua mfuniko wake niifute. Mtu harudishi kitu kichafu.

Gasketi yangu ilikuwa hapo. Nzuri, matundu yake duara kabisa. Nene.

Niliikata kwa karatasi ngumu, ile ile niliyokatia ya pampu ya maji. Pampu ya maji haijali. Hii ya oili inajali! Gia zake zinatakiwa karibu ziguse mfuniko, na mimi nimeunyanyua mfuniko kwa karatasi yangu. Oili baridi ni nzito, haipiti kirahisi. Ikipata moto inateleza juu ya gia na kurudi ilikotoka. Pampu ni nzima. Muuza spea hana kosa lolote.

Gasketi nimeitia mfukoni. Fundi breki kauliza kama nimeona kitu. Nikasema bado naangalia. Nimetembea nayo mfukoni mpaka nyumbani na sijipendi hata kidogo leo.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimemkuta kaka tayari yuko kwenye simu, anamkaripia yule bwana kwa mara ya pili. Nikaweka gasketi mezani, juu ya karatasi zake. Akaniashiria nisubiri. Sikusubiri. Nikamnyang'anya simu — mimi, simu ya kaka! — nikamwambia muuza spea pampu yake ni nzuri, kosa ni la Mkasi, na anisamehe kwa maneno ya siku mbili hizi.

Kaka kaishika gasketi, kaibonyeza kwa kidole na gumba, kairudisha mezani. Akatoka.

Nikakata nyingine. Ndiyo, kwa mkono! Kwa karatasi nyembamba hata kivuli cha kidole kinaonekana. Mkasi ule ule. Sijaona sababu ya kuuogopa. Nikapima nafasi juu ya gia: sawasawa. Nikafunga, nikajaza oili, nikawasha.

Sasa ni saa tisa. Naandika nikiwa kwenye usukani. Dakika ya thelathini na tano, imepata moto kabisa, inanguruma polepole: ishirini na nane, haitikisiki. Hiyo ni bila kukanyaga mafuta. Kosa lilikuwa langu na dawa ni yangu, na kifua kimenijaa, siwezi kuficha.

Lakini hapa ni tambarare. Mlima wa nyuma ya hospitali ndio utakaosema.

Habari za bango sijazisikia toka asubuhi. Sitauliza.

Kaka anakuja, kofia kichwani. Kasimama mbele ya gari, kausikiliza mlio. Nimeanza kushuka nimpishe usukani, maana yeye haendeshwi na mtu, hata mkewe. Kanionyesha kwa mkono nikae. Anazunguka, anafungua mlango wa abiria, anauliza kama mlimani nitapanda kwa gia ya pili au ya tatu. Naweka kalamu, tunaondoka.