Kwa Nini Sikuondoka na Wenzangu

Nyumba ya mwokaji, ghorofa ya juu,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako limetulia tangu uanze kwenda kwa yule daktari mpya. Ulinieleza kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilimshukuru Mungu, lakini nakuomba uendelee kuushika, maana nakujua: ukipata nafuu ya siku mbili tu utaanza kuhamisha makabati. Na mume wako Fundi Saa, hajambo? Bado anabishana na redio? Mwambie mimi ninabishana na kamusi, kwa hiyo tuko sare.

Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na mashavu yamejaa mpaka ukiniona utasema nimeumwa na nyuki.

Usishtuke kuona anwani ngeni. Bwenini sipo tena. Nipe nafasi nianze mwanzo, kwa sababu habari yenyewe si ya kusimuliwa kwa simu, na mwisho wake nina jambo la kukuomba.

Chuo chetu cha wamisionari unakijua kwa barua zangu za nyuma. Asubuhi Biblia, kisha lugha ya kule tutakakotumwa mpaka mchana, jioni kazi za mikono: kufunga vidonda, kunyoa nywele, kuziba bomba linalovuja. Kwa kuwa huko nyumbani nilikuwa mkata vitambaa kwenye kiwanda cha nguo, mifuko yote ya safari ya kundi letu nimeishona mimi. Mizigo ya watu kumi na mmoja imepita chini ya sindano yangu.

Kilichonishinda ni lugha. Mwenzangu wa chumbani, tuliyembandika jina la Kasuku, aliishika kama aliyezaliwa nayo. Mimi mwalimu aliniambia mbele ya darasa kwamba ninaongea kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Walicheka wote, na mimi nikacheka, lakini usiku huo niliomba Mungu anifungue ulimi au aniambie mapema kwamba alimwita mtu mwingine nami nikaitika kwa bahati mbaya.

Mwezi wa nne mwaka huu, Mkuu wa chuo akatugawa kwenye familia. Mjini hapa kuna watu waliohamia kutoka kule tunakokwenda, na kila mwanafunzi hukaa wiki sita nyumbani kwao ili asikie lugha kutwa nzima. Sharti lilikuwa moja. "Wiki hizi sita hakuna kuhubiri," Mkuu alisema. "Si watu wa dini yetu, na wamewafungulia mlango. Fueni, pikeni, sikilizeni." Nilinung'unika kimoyomoyo. Miezi minane ya kujiandaa kusema, halafu unaambiwa ufunge mdomo!

Nikaletwa hapa. Chini kuna tanuri na duka la mikate, juu kuna vyumba vitatu. Anaishi mwokaji, mtu wa maneno machache, na mke wake anayeuza dukani, na mama yake mwokaji, ambaye mtaa mzima humwita Bibi Unga kwa sababu mikono yake haijawahi kuonekana bila unga. Mwokaji na mke wake wanajua lugha yetu ya kusalimia na kuuza mikate, basi. Bibi hajui hata neno. Nikapangiwa kulala naye chumba kimoja.

Shangazi, huyo bibi alikuwa mwalimu! Alinishika mkono akanizungusha jikoni, akigonga kila kitu kwa mwiko na kukitaja: sufuria, mlango, chumvi, dirisha. Nikikosea, alinigonga mimi begani, akarudia. Siku moja nilitaka kumwambia kwamba nimekula mkate wake na nimeshiba. Kumbe nimesema nimemla yeye na nimeshiba. Akajitazama mikono, akajipapasa mbavu kuona zilizobaki, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Jioni alimsimulia mwanawe mezani, na mwokaji naye kwa mara ya kwanza akanitazama usoni akatabasamu.

Asubuhi nilipopiga magoti kando ya kitanda, yeye alikaa kimya kwenye kitanda chake mpaka nimalize. Hakuniuliza kitu, nami sikueleza kitu. Tuliendelea hivyo wiki nne, na nikajiona nimepata bibi.

Sasa nifikie lile ambalo limenikalisha na kalamu.

Bibi Unga ana presha. Kila asubuhi mwanawe alimwachia kidonge kwenye kisahani kabla ya kushuka kwenye tanuri, nami kazi yangu ilikuwa kumletea maji. Wiki ya nne nikaona anakitupa kile kidonge kwenye sinki na kufungulia bomba. Akageuka, akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza. Kisha akazungusha mkono kichwani kunionyesha kwamba dawa ile humletea kizunguzungu.

Nami nilifanya nini? Nilicheka, nikaweka kidole mdomoni kama yeye.

Nataka uelewe, Shangazi, kwa sababu sijitetei. Huduma ya kwanza nimesoma. Nilijua dawa ya presha haiachwi hivi hivi. Lakini katika nyumba ambayo nilikuwa kama bubu, mtu alikuwa amenipa siri yake. Nilijiona mtu wa nyumbani. Na maneno ya kumweleza mwokaji ningeyapata kwenye kamusi kama ningeyatafuta. Sikuyatafuta. Siku nane nilisimama pale na glasi ya maji mkononi.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mwokaji na mke wake walikuwa wamekwenda kupeleka mikate madukani. Bibi alikuwa anakanda. Nikasikia mwiko umeanguka. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia unaning'inia. Alikuwa ananiambia kitu, na yale hayakuwa maneno ya lugha yangu wala ya lugha yake.

Nilimlaza sakafuni kwa ubavu, nikaangalia saa, nikapiga kelele dirishani kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Mungu ambariki, aliacha duka wazi akaleta gari. Hospitalini daktari aliniuliza: ilianza saa ngapi, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani. Nikajibu vyote. Kisha akauliza, "Dawa anakunywa kila siku?"

Nikasema, "Hapana. Ana siku tisa hajanywa."

Daktari akaandika, akaendelea na kazi yake. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mwokaji, amefika sasa hivi, unga bado kwenye nyusi. Alikuwa ameelewa "hapana", akawa ananitazama nimweleze yaliyobaki. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri. Nikamwambia kwa lugha yake, kwa kiatu changu kimoja: "Mama anatupa dawa. Mimi ninaona. Mimi ninanyamaza." Sikujua hata kuliweka katika wakati uliopita.

Akatoka nje.

Siku mbili hakunisemesha. Mke wake aliniwekea chakula na kuondoka. Nilifunga mizigo nikakaa juu yake chumbani, nikitazama kile kitanda kitupu. Kuomba nilijaribu, maneno hayakuja, nikabaki nasema tu "Bwana, yule bibi. Bwana, yule bibi." Siku ya tatu mwokaji akagonga mlango. Akaiona ile mizigo.

"Mama yangu ni mkaidi," alisema, polepole ili nielewe. "Lakini ungeniambia."

Nikasema, "Ndiyo."

"Njoo. Anakutafuta."

Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza. Sijui kama amenisamehe. Ananipa mkate wa kwanza kutoka tanurini kila asubuhi, nami naupokea kwa mikono miwili.

Bibi alinusurika, lakini maneno yalimtoka. Akitaka maji anasema mlango, akitaka mlango anasema jina la marehemu mume wake, na akijisikia amekosea analia kwa hasira. Daktari wa mazoezi alisema anahitaji mtu wa kukaa naye kutwa, amrudishie maneno moja moja, kwa uvumilivu. Mwokaji na mke wake wakiacha tanuri, nyumba nzima haili. Aliyebaki ni mimi. Basi nikachukua mwiko, nikaanza: sufuria, chumvi, dirisha. Kwa matamshi yangu haya! Siku moja nilitamka vibaya, akakunja uso, akatikisa kichwa, akalitoa lile neno zima zima, sahihi kabisa, la kunikosoa. Nilimkumbatia tukaanguka wote kitandani.

Wiki zangu sita zikaisha. Kundi letu lilikuwa na siku kumi na mbili kabla ya kusafiri. Nikaenda kwa Mkuu kuomba nibaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, na habari ya vidonge nikamwambia, kisha akanipa karatasi ya kuahirisha safari. Hakunifokea, lakini hakunipapasa kichwa pia. Aliuliza, "Unabaki kwa sababu anakuhitaji, au kwa sababu dhamiri inakuuma?"

Nikasema, "Vyote viwili. Na pia naogopa kwenda. Aliponiambia daktari kwamba itachukua miezi, sehemu fulani ya moyo wangu ilipumua."

"Andika hivyo hivyo kwenye karatasi," alisema, akanipa kalamu.

Nikaandika. Baraza la chuo litakaa mwezi wa tisa kuamua kama nitakwenda na kundi la mwakani. Mkuu hakuniahidi kitu. Alisema tu kwamba kule ninakotaka kwenda pia kuna wazee wanaotupa vidonge, na nitahitaji kujua nitafanya nini nikiwa mbali na kila mtu. Hilo naliwaza kila siku.

Alhamisi iliyopita wenzangu waliondoka. Nilikwenda kwenye uwanja wa chuo kuwaaga. Mifuko yangu ilikuwa imepangwa mstari mmoja, kumi na moja pamoja na wangu, na wasafiri walikuwa kumi. Kasuku alinishika shingo akalia, yeye asiyelia. Akanionya nisije nikaongea vizuri kuliko yeye atakapokuwa hayupo kunicheka. Gari lilipotoka getini nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimesahau kitu. Sitakudanganya, Shangazi: nililia njia nzima ya kurudi, kwa wivu, kama mtoto aliyenyimwa nguo ya sikukuu. Nilipopanda ngazi za hapa, Bibi Unga alikuwa amekaa jikoni ananingoja, ameshika kidonge chake mkononi. Akakimeza mbele yangu, akafungua mdomo, akatoa ulimi wote nje nikague. Uhuni wake umerudi kabla ya maneno yake.

Asubuhi bado napiga magoti. Tangu atoke hospitali, nikichelewa kidogo ananyoosha kidole pale sakafuni ninapopigia. Sijui anataka nimwombee, au ameshazoea tu kuniona pale. Sitamuuliza mpaka awe na maneno ya kunijibu. Napiga magoti, na jina lake nalitaja kwa sauti ili alisikie.

Sasa ombi langu. Baba alishatangaza kanisani kwamba naondoka mwezi huu, tena akasimama mbele, yeye asiyependa kusimama mbele. Kwenye simu hatanisikia. Unamjua kaka yako, anakata kabla hujafika katikati, halafu anakaa wiki nzima na nusu ya habari. Nakuomba uende mwenyewe, ukae naye baada ya chakula, umwambie ana kwa ana.

Na najua jinsi unavyonipenda, na jinsi unavyojua kulainisha mambo. Tangu utotoni nikivunja kikombe ulisema paka. Safari hii usiseme paka. Usimwambie kwamba safari imeahirishwa na chuo, wala kwamba nimebaki kwa huruma peke yake. Mwambie niliona, nikanyamaza siku nane, mtu akaumia. Mwambie pia kwamba nilisema mwenyewe, mlangoni, kwa mwenye mama. Akikasirika, mwache akasirike. Akitaka kuwaeleza wa kanisani, awaeleze yote, na wakiniombea waniombee kwa jambo la kweli.

Msalimie Fundi Saa na redio yake. Wasalimie mapacha wako, uwaambie wakisoma kwa bidii nitawafundisha kutukana mkate kwa lugha ya kigeni. Msalimie Mama kwa namna ya pekee. Mwambie gauni la kijani bado linanitosha, kwa shida. Na mshonaji mkuu wa kiwandani, ukipita, mwambie mkono wangu haujasahau mkasi.

Mungu akulinde kwenye ngazi zako, akupe usingizi mtulivu, na siku utakapoingia kwa Baba akutangulie kuingia.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye leo kama siku zote, na ambaye safari hii kikombe amekivunja mwenyewe.