Mshumaa wa Baba Huko Krakow

Mama mpendwa, shikamoo. Natumaini mvua haijaharibu maharage hapo Ntobeye.

Huku Krakow majani ya miti yamegeuka manjano na baridi inauma masikio. Leo, siku ya kuwaombea marehemu, nimeingia makaburini, kila mtu anawasha mishumaa. Nikamkumbuka baba, aliyezikwa nikiwa huku, nikalia.

Bibi mmoja aliyekuwa anafagia kaburi la mumewe akaniuliza kwa Kiingereza, "Unamlilia nani?"

"Baba yangu. Amezikwa mbali, na sikuwepo."

Akanipa mshumaa. "Mwashie hapa hapa. Mume wangu alipenda wageni."

Nikauwasha, nikataja jina la baba kwa sauti. Bibi naye akalitamka kwa shida, akalirudia mpaka akalipatia.

Moyo umetulia, mama. Nawe usilie peke yako.

Nakukumbatia,
Devota wako