Mdomo wa Mama Lamisi

Jumatatu, 4 Machi
Mdomo wa juu wa Mama Lamisi umevimba! Nimeuona nikipita wodini. Mwenyewe anacheka — eti nyuki wamefuata harufu ya pombe yake ya mtama, wakambusu. Mimi sicheki. Wiki iliyopita alianzishiwa dawa mpya ya presha, na dawa ile ina tabia ya kuvimbisha mdomo na ulimi. Nimemwambia Dk. Boadu, aliyemwandikia. Hakuinua hata kichwa. "Madamu Asibi, wewe mfamasia, kazi yako kutoa dawa. Huyo kala samaki, basi."
Samaki! Mji mzima wa Bolgatanga unakula samaki, mbona hatuvimbi?

Jumanne, 5 Machi
Uvimbe umeisha. Boadu kanisimamisha mbele ya wauguzi: "Haya, iko wapi sumu yako leo?" Wakacheka. Nimesema uvimbe huu huja na kwenda, ndiyo hatari yake. Nani asikie? Mshenzi.

Alhamisi, 7 Machi
Ulimi! Umejaa kinywa kizima, mate yanamtoka, macho yamemtoka. Sindano, oksijeni, watu mbio. Kapona kwa kudra. Bintiye, Ayinpoka, kanikamata koti: "Mmempa nini mama yangu?" Kabla sijajibu, Boadu kaingilia — samaki wa jana kaletwa na nani? Binti akanywea. Ndiye aliyeleta. Sasa analia ukutani, anajiona muuaji. Na Boadu kamwacha aamini hivyo! Namchukia, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Machi
Boadu kaiandika tena dawa ya presha. Ile ile! Nimekataa kuitoa. Anasema nitafukuzwa. Nikamwambia bora niondoke mimi kuliko Mama Lamisi.
Mganga mkuu yuko Accra. Hapokei simu.

Jumamosi, 9 Machi
Siko zamu. Nimekuja hivyo hivyo. Nimechelewa — Boadu kamtuma Ayinpoka duka la dawa la nje, naye kanunua, maskini, amwogopaye daktari atafanyaje? Mama kashaimeza. Nimepiga kelele wodi nzima. Boadu kaniita mchawi, kanisukuma nje, kafunga mlango kwa ndani.
Niko kwenye benchi. Kupitia dirisha namsikia Mama akimtania muuguzi. Afadhali.
Hapana — sauti imekuwa nzito. Kama ya mtu mwenye tonge kinywani. Boadu anamwambia aache mzaha, aseme vizuri.
Mlango huu ni wa mbao tu, nitauvunja.